Jina la Ndege Ubaoni

Mpendwa Mama Mshauri,

Ejok, hujambo? Mimi ni kiranja wa darasa la saba hapa Kakuma, kazi yangu ni kuandika ubaoni majina ya wapiga kelele mwalimu akiwa hayupo, na juzi ndege ya propela ya shirika la misaada ilipita chini chini juu ya mabati yetu hadi tukashindwa kusikiana, nikaandika jina la kwanza: NDEGE, darasa likacheka, lakini mimi sikuwa natania, kwa sababu mdogo wangu Nyamal wa darasa la pili akisikia propela anadhani ni ile ndege iliyotupiga mabomu kwetu Sudan, basi hutoka mbio kujificha ndani ya laga, yaani korongo la mto mkavu, na mvua ikinyesha milimani laga hujaa ghafla na kusomba watu. Mwalimu Longor wa sayansi ametufundisha kwamba kelele hutoka hasa kwenye ncha za propela zinapokata hewa kwa kasi, na rubani akishapaa anaweza kupunguza kasi hiyo, kwa hiyo nataka kumwandikia barua, ila baba mdogo Gatkuoth amenifokea, "Wewe! Dawa ya malaria yako ilikuja na nini, punda? Wakikasirika je?" Mama, kuomba ni kukosa shukrani?

Nyakim

Nyakim binti yangu,

Ejok nooi, sijambo sana. Pole kwa Nyamal. Huo si woga wa kitoto; masikio yake yanakumbuka. Baba mdogo usimnunie, anaogopa kwa niaba yenu. Lakini shukrani haizibi mdomo. Mgeni anayesifu ugali wangu anaweza pia kuniambia moshi unamuumiza macho, nami nitausogeza moto.

Kosa lako ni hili: kiranja mzuri huonya kwanza, ndipo aandike jina. Rubani ulimwonya lini? Huko juu hajui kwamba chini yake kuna darasa.

Barua acha. Nenda uwanjani na Mwalimu Longor, ndege ikitua. Mshukuru rubani kwa dawa, kisha mwombe akishafika juu salama apunguze mzunguko wa propela, na azungukie upande wa nyika. Usimwambie apunguze wakati wa kupaa! Hapo anahitaji nguvu zote, na hatutaki aanguke kwa sababu ya adabu.

Nyamal uende naye, umshike mkono. Aione propela ikisimama, mlango ukifunguka, maboksi ya dawa yakishuka. Na leo hii mwambie mwalimu wake habari za laga, asiachwe kutoka peke yake.

Ukirudi, lifute jina la ndege ubaoni. Rubani akirudia baada ya kuonywa, liandike tena, nami nitaliandika hapa gazetini.