Stika kwa Friji ya Akina Mama

Malaba, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Mgongo uko aje? Na ndovu, wameachana na mahindi yako ama bado wanarudi? Mimi mwili ni mzima, nakula.

Mama, nasikia umetangaza kanisani eti kijana wako ni mkubwa kwa mradi wa wazungu. Tafadhali usitangaze tena. Mradi umefungwa, na mimi nimeharibu kitu.

Unakumbuka kile kikundi cha akina mama wanaouzia madereva maziwa hapa kwa foleni ya malori, wale walinipa kazi ya kompyuta bila cheti? Serikali ya nje ilikuwa inawasaidia kupima watoto uzito. Msaada ulikuja na masharti: kitu chochote cha mradi kibandikwe stika ya bendera yao, kiandikwe kwa orodha, na mradi ukiisha wanachukua. Mimi ndio niliyasoma, mimi ndio mjuaji wa Kizungu.

Siku ya wageni wa mradi nikashikwa na moto wa kujionyesha. Nikabandika mizani, meza, hema, halafu friji. Na friji walinunua wenyewe na pesa ya chama chao, kabla ya mradi. Mama Nekesa, mwenyekiti, akaniuliza, "Na hiyo yetu je?"

"Ni ya kupendeza wageni tu, mama."

Nikaiandika kwa orodha pia, ndio ikae ndefu. Nikasaini.

Wiki iliyopita ile serikali ya nje ikakata msaada. Juzi lori la mradi likatoka Busia kukusanya vitu. Nikamwambia afisa aliyekuja nalo friji si ya mradi.

"Sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi boss, stika iko, sahihi iko." Akawageukia vijana wa lori: "Bebeni."

Akina mama walisimama tu wakiangalia maziwa yao yakimwagwa kwa karai. Hakuna alinitukana. Afadhali wangenitukana.

Jana nikaenda kuomba msamaha. Mama Nekesa akatoa stika moja iliyobaki, akanibandika kifuani. "Wewe pia ulikuwa kitu chao. Mbona walikuacha?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka, sijui kwa nini. Halafu akanipa kikombe cha maziwa ya asubuhi. Yalikuwa yameanza kuchacha. Nikamaliza yote.

Nimewaandikia wale wa Busia kwamba orodha nilidanganya, friji irudi. Kama sitaandikwa kazi tena, sawa.

Nisalimie dada yangu mshonaji, na shangazi wa mboga pale stendi. Kanisani wakiuliza, sema niko Malaba, nauza maziwa na akina mama, tunamaliza kabla jua liwe kali.

Mwanao, na haya zangu zote,
Mwakio