Kwa Fundi Kelele, na kwa Yule Aliyekuibia Wimbo

Mwaka umetimia, mwanetu Fundi Kelele, tangu moyo wako usimame ghafla ukiwa umeinama mlangoni kufunga kamba za viatu. Wanasema muda hupoza. Muda gani huo? Sisi ndiyo kwanza tunachemka.

Ulikuwa mpole, wee mtoto! Ukifoka jukwaani watu walidhani utang'ata mtu, kumbe nyumbani unamkata babu kucha huku ukimtania. Hukutaka kampuni wala meneja. Nyimbo zako ulizirekodi mwenyewe chumbani, godoro limeegemezwa dirishani. Ulinasa bawaba za mlango, mfuniko wa sufuria, hata baba akikoroma.

"Sasa na usingizi wangu umekuwa wimbo?" baba alilalamika.

"Baba, wewe ndiye msanii. Mimi nakubebea vyombo tu."

Mwenye studio mmoja alikuambia mbele za watu kwamba hizo ni fujo za mwendawazimu. Wewe ulicheka, sisi hatukucheka. Ulipozikwa akaja na miwani myeusi, akalia kumshinda mama mzazi, akaomba rekodi zako eti azitunze. Tukampa, kwenye msiba nani ana akili?

Haikupita miezi mingi, wimbo wako ukatoka kwa jina lake. Mama alikuwa anamenya viazi, redio iko wazi, kisu kikamponyoka.

"Jamani, hicho si cherehani changu!"

Kweli, kilikuwa chenyewe, kile kibovu: kikifika kwenye mshono mnene kinakwama, kinaguna, kinaruka, kinaendelea. Mtangazaji akamuuliza mwenye studio mdundo ule ameutoa wapi. Bila haya wala soni akajibu ameutengeneza mwenyewe kwenye kompyuta. Tulimtazama mama. Tangu siku ile hajaiwasha redio.

Haya basi, siku za mwizi ni arobaini. Jumamosi hii alasiri tunakukumbuka katika ukumbi wa shule uliyosoma. Dada yako, fundi umeme, anafunga spika mwenyewe. Mama atakaa jukwaani na cherehani chake, atashona koti la jinzi mbele ya kipaza sauti, kisha tutaupiga wimbo wa huyo bwana. Jirani mmoja alijitolea kukitengeneza cherehani bure. Nusura mama amchape na mkasi.

Mwenye studio tumemwalika, tena kiti cha mbele. Akija, atatutambua. Asipokuja, kila mtu atajua kwa nini.

Tunajua wewe ungesema, "Mwacheni, ana watoto." Ulikuwa unatuzuia hivyo hivyo kila mara, na kila mara tulikutii. Safari hii hupo wa kutuzuia.

Unakumbukwa na mama na baba, babu yako, dada yako, shangazi anayeandika haya kwa niaba ya wote, na wajomba ambao tumewaomba waje mikono mitupu, fimbo zibaki nyumbani.

Wewe hatutakusahau maisha. Na yeye pia hatumsahau.