Mikono Miwili ya Kushoto

Kwako mdogo wangu,

Salamu zangu mpe mkeo. Zako sijaziandika.

Cherehani nimeibadilisha mkanda, na paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa. Habari njema zimeishia hapo.

Nimesikia umewatangazia ndugu kwamba dada yako amekuwa mlevi. Ushahidi wako ni lile koti nililokushonea, lenye mikono miwili yote ya kushoto. Sikatai, nililishona mimi. Lakini nilikuwa nimemeza dawa za mishipa ya fahamu. Miguu yangu inawaka kama nimekanyaga makaa, na dawa zikiuzima moto huo zinauzima na ubongo. Nayumba, mdomo unakauka, nasinzia mkasi mkononi. Haya yote nilikueleza kwenye simu. Ukasema, "Dada, nawe kwa visingizio!" Ukakata.

Kisha bila haya ukamtuma mkeo alete kitambaa cha gauni la harusi la binti yako!

Nimelishona, maana mtoto hana kosa. Ili nisikosee tena niliacha dawa siku nne, nikakanyaga pedali kwa miguu hiyohiyo. Mkono wa kulia uko kulia, kagua mwenyewe. Siku ya tatu nilipiga mayowe hadi jirani akavunja komeo la mlango.

Kabla ya kuniinua, alininusa mdomo. Nikajua maneno yako yameshafika na huku.

Ni mimi dada yako,
niliyekubeba mgongoni kwa miguu hii.