Yowe la Korongoni

Bunda, Mara

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Goti lako linasemaje na baridi hiyo ya Kondoa? Na yule kuku wako mwenye kiburi, bado anatagia kitandani? Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa. Kwenye simu nilikuwa nakata kabla sijalia, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka lile korongo nyuma ya chumba changu cha kushonea. Mwaka jana maji yalituingilia ndani, basi majirani tukakubaliana: kila Jumamosi tuzoe taka korongoni na kupanda matete kingoni. Kwa balozi wa nyumba kumi tukatundika rimu la gari. Likigongwa, kila mtu abebe watoto apande mlimani, asiulize. Kinara wetu alikuwa Mzee Magesa, fundi baiskeli, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. "Fundi," alinitania, "matete yako umeyapandaga kama unatia viraka."

Jumamosi ile wenzangu walishakwenda kula. Nilibaki nachomoa chupa kwenye kalavati, pale maji yanapopita chini ya barabara. Kwetu jua, mvua iko huko milimani. Mara nikaona maji mekundu yanakuja na magogo. Mama, rimu sikulikumbuka kabisa. Nilipanda ukingoni nikapiga yowe, nikidhani watu watakimbia.

Huku yowe ni la ng'ombe walioibwa. Mwanamume akilisikia hakimbii, anakimbilia. Nimekaa hapa miaka sita, na hilo nalijua. Wakateremka na fimbo na mapanga, Mzee Magesa mbele.

"Wamepitia wapi?" akauliza.

Sauti ilikuwa imeishia kwenye yowe. Nikanyoosha mkono kuonyesha maji, ambayo kwake yalikuwa bado nyuma ya kona. Yeye akadhani naonyesha ng'ambo. Akaingia korongoni avuke. Maji yalipotokea, wenzake walirudi kingoni, yeye hakuwahi. Tulimpata kesho yake, chini huko kwenye mashamba ya mihogo.

Baada ya mazishi nilifunga mizigo nije kwako. Nikaenda kumuaga mjane wake, Mama Nyangeta. Alikuwa anamenya mihogo, hakuinua macho.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Mama, nimekuulia mume."

Akamaliza kwanza kumenya muhogo ule.

"Sikatai," akasema. "Yowe ulipiga wewe. Ila lile kalavati mlikuwaga mnazibua wewe na yeye. Na wewe ukienda, mvua ikirudi atazibua nani? Mimi na hawa wajukuu tunalalaga hapa hapa chini."

Niliona aibu, mama, na bado naona. Nilirudi nikafungua mizigo.

Kwa hiyo Idi hii usinisubiri. Nisalimie shangazi aliyenishikisha sindano, na mdogo wangu Salma, mwambie gauni lake la harusi nitalituma kwa basi. Mwalimu wangu wa madrasa mwombe amkumbuke Mzee Magesa katika dua. Hakuwa wa dini yetu, lakini alikuwa jirani.

Rimu sasa limehamishiwa mlangoni kwangu. Mama Nyangeta ndiye aliyesema liletwe, akalifunga kamba kwa mkono wake. Kila asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani naligonga taratibu kwa vidole, lisisikike na mtu, ili mkono ukumbuke.

Mwanao,
Zuhura