Ulikuja Kanisani Kudai Sauti Niliyokuomba

Mpenzi wangu wa zamani, Musyoka,

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu ulijaribu kulizuia, na kwa sababu tangu harusi nalisema kila mahali, hata kwa mama mboga wetu hapa Waithaka. Nimeolewa na Barasa! Nikimsikia akifungua geti jioni, moyo unaniruka kama wa msichana wa shule.

Lakini wewe nina hasira nawe, na leo nitaitoa yote.

Sitasema hukuwahi kunipenda. Ulikuwa ukinisubiri nje ya saluni kule Westlands, umenifichia hindi la kuchoma ndani ya koti lisipoe. Mvua ikinyesha ulinifunika kwa koti hilo, wewe ukilowa na kucheka. Nilikupenda sana. Ndiyo maana nilipojua nina mimba, wewe ndiwe mtu wa kwanza niliyemwambia, pale kwenye ngazi za kazini kwako.

"Tufanye nini?" nilikuuliza nikilia.

"Hiyo ni stori yako," ukanijibu. "Mimi usiniingize."

Baada ya hapo ukazima simu. Nikakufuata Kawangware, na jirani yako akacheka: "Alihama, dada. Hata kamba ya nguo ameenda nayo." Niliita jina lako mlangoni kama mwendawazimu. Basi nikaamua peke yangu kuitoa ile mimba, na msamaha wako siuombi.

Miaka ikapita. Mchungaji akatangaza ndoa yangu na Barasa, akasema mwenye pingamizi afike ofisini. Ukafika, nasi tukaitwa. Tena na suti!

"Alitoa mtoto wangu bila kuniuliza," ulisema. "Mimi ni baba. Nilikuwa na haki ya kusema."

Barasa nilikuwa nimemwambia kila kitu kabla hajanivisha pete. Alikuuliza polepole, "Boss, huyu alipokuwa akitetemeka kitandani siku aliyoitoa hiyo mimba, nani alimpikia uji?"

Mchungaji akakugeukia. "Ndugu, hilo si pingamizi la ndoa."

Najua wako wanaume ambao wangebaki, na hawakuulizwa. Hao nawahurumia, na ningependa wasikizwe. Wewe usijifiche nyuma yao. Wewe uliulizwa! Ulitaka kuhama wakati wa shida, kisha urudi kuwa baba siku ya kunivunjia harusi.

Jana Barasa alikuwa akiosha vyombo, nami nikamwuliza, "Nikipata mimba na nisiwe tayari, utasema nini?"

Alifunga mfereji kwanza. "Nitakuambia ninachotaka mimi, bila kukuficha. Halafu utaamua wewe. Na vyovyote utakavyoamua, utanikuta hapa."

Nilimkumbatia hivyo hivyo, mikono yake imejaa povu. Mwanamume kama huyo, Musyoka, nitamwuliza kila mara.

Kwaheri, na usinitafute.

Mke wa Barasa