Bomba Linalobabua

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mgongo sasa unakuachia ulale, na shemeji bado anagombana na redio. Mimi mzima, ila moyo hunidunda hata nikiangusha kijiko. Umeuliza habari za binti yako. Nitafika hapo, nivumilie.

Kazi yangu katika kiwanda hiki cha nguo unaijua: kutafsiri maandishi ya mashine. Bomba la mvuke la chumba cha pasi lilikuja na kibao cha Kiingereza: scorching. Waingereza wenyewe hulitumia neno hilo kwa jua linalokausha majani, kwa mchanga usiokanyagika, kwa pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Si joto la kukutoa jasho. Ni joto la kukutoa ngozi. Nikaandika: Bomba linababua. Meneja, tunayemwita Bwana Taratibu, akasema natisha watu bure, akaamuru pabandikwe: Bomba la joto.

Asubuhi hapa baridi haina huruma. Wapiga pasi waliposoma "joto" wakaenda kuota! Boila inayochemsha mvuke ikiwa ndiyo kwanza inaamka, bomba huwa vuguvugu. Wakaliegemea kama paka jikoni, wakitaniana kwamba hatimaye tajiri amewanunulia blanketi. Juzi boila iliwashwa mapema kuliko kawaida, na hakuna aliyewaambia. Mmoja akaweka viganja vyote viwili.

Leo anakuja mkaguzi wa kazi, na amesema maana ya kibao ataitaka kwangu, kwa kiapo. Bwana Taratibu ameniita ofisini, akafunga mlango, akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Akasema neno lile ni joto tu, eti mwenye watoto hamwagi unga wake kwa ubishi. Nikimfuata, aliyeungua ataitwa mzembe, atafukuzwa bila matibabu, na kibao kitaendelea kuwaita wengine. Nimegombana na wakubwa kwa barua zangu za magazetini maisha yangu yote, dada, wala sijawahi kuogopa hivi. Nikaiacha chai yake, nikarudi mezani kwangu kukuandikia.

Sasa nifike. Viganja vile ni vya binti yako. Alinikataza kukuandikia mpaka daktari afungue bandeji. Jana nilimlisha kwa kijiko. Akacheka, akasema mjomba analisha vibaya kuliko anavyotafsiri.

Gari la mkaguzi linaingia getini. Nitamwambia linababua, na unga umwagike.

Shemeji mweleze kwa upole. Kisha njoo, umletee magauni yasiyo na vifungo.

Ni mimi nduguyo,
Mbishi wako