Nimegawa Diski za Sauti ya Mama, Sasa Hazifunguki

Mama Godeberthe, nakuandikia kwa sababu hata chakula hakipiti. Mimi natunza seva ya kituo chetu cha kanisa hapa kambini Rubondo, ndani yake mna mashine mbili pepe, yaani kompyuta mbili zinazoishi ndani ya ile moja, ya kwanza ni ya masomo ya watoto na ya pili ina sauti za wazee wetu wa Kivu tuliowarekodi wakisimulia, na mama yangu Kantengwa yumo, na mama tulimzika mwezi jana, na Jumapili tunaondoa matanga na ndugu zangu wote wanangoja kumsikia. Sasa Linux yetu, yaani mfumo unaoendesha seva, ilikuwa imezeeka na intaneti ya huku ni ya kubahatisha, nikaamua kuipeleka seva mjini Kakoba kwa fundi Yonatani aisasishe, na nilipokuwa nafunga mizigo wifi yangu Clémence akaniambia, "Usibebe byote mu fasi moja. Siku tulikimbia, bya Papa byote bilikuwa mu gari moja, na byote bilipotea." Kwetu hilo halina ubishi, kila safari tunagawa mizigo, basi nikachomoa diski mbili kati ya nne zenye masomo na sauti nikamwachia, nikijua hata boda ikianguka nusu ya sauti itabaki. Yonatani sikumwambia. Mfumo uko kwenye diski yake ndogo na aliusasisha vizuri, lakini seva ilipowaka safu ya diski, yaani zile nne kama kundi moja, haikuonekana na mashine zote mbili zikagoma, naye anasema, "Dada, hizi zimeharibika, tuunde safu mpya tuanze sifuri." Nimemwomba asubiri. Nimkubalie, au niende kuwaambia ndugu zangu kwamba nimempoteza mama mara ya pili?

Umwiza, Rubondo

Umwiza, pole kwa msiba. Barua yako sikuiacha ingoje gazeti. Nilimpelekea Rénovat, fundi anayetunza seva huku Ruharo, na alipofika pale ulipochomoa diski alishika kichwa. Kisha akacheka, akasema hakijapotea kitu, nami nikapumua, nikakupigia simu palepale kukuambia zote nne zirudi pamoja.

Mwanangu, diski si magunia ya maharagwe. Kila sauti imekatwa vipande na kusambazwa kwenye zote nne. Ikikosekana moja, tatu zinaweza kujaza pengo lake; zikikosekana mbili, hakifunguki kitu. Hukuokoa nusu, ulizifunga zote. Na kama Yonatani angeunda safu mpya, angeandika juu ya vile vipande, hapo tungelia kweli. Ulifanya vyema kumsubirisha, lakini kwa nini ulimficha? Ungemwambia tangu mwanzo, ungekuwa unakula vizuri.

Jana uliponipigia nilifurahi sana. Clémence amezileta zile mbili ndani ya kitenge, Yonatani amezirudisha zote nne na kuiamuru seva iunganishe safu ileile ya zamani, na mashine zimewaka. Unasema mama alianza kwa kukohoa, halafu akataja jina lako. Nililia na simu sikioni, na sioni aibu kusema.

Sasa nisikilize. Kabla hamjagusa kitu kingine, nakilini sauti zote kwenye diski ya nje, nakala nzima, ikae mbali na seva. Rénovat amekubali kuitunza hapa Ruharo. Clémence amesema kweli, vyote visikae mahali pamoja, ila gaweni nakala, msigawe diski. Na Jumapili waya na vipaza sauti mwachie Yonatani. Wewe kaa katikati ya ndugu zako, umsikilize mama.